Trilia ya Nyuma ya Banda la Kuni

Jumamosi, 9 Machi

Theluji bado imelala uani kwetu. Aibu gani hii! Ng'ambo ya kijito, kwa Harlan Pickett, jua limeshakausha mteremko mzima. Upande wetu hata kunguru wanatetemeka.

Lakini! Leo nimepiga magoti chini ya mierezi na nimeona vitumba viwili vya trilia, lile ua la porini la masika. Viwili! Kila kimoja kimekaa juu ya majani yake matatu, kimefumba, kijani kibichi. Vikifunguka ni petali tatu nyeupe, na mimi nitakuwa mtu mwingine.

Mwaka huu ni wangu. Ule ubao wa mwerezi pale posta una majina ya wote walioona trilia ya kwanza ya mwaka tangu 1931, yamechomwa kwa chuma cha moto. Kina Pickett mara kumi na moja. Kina Stroud mara tisa. Hakuna hata jina moja la mtu aliyezaliwa nje ya Haskell. Mimi nimekaa mji huu miaka thelathini na moja. Nimenyoa vichwa vyake vyote, vya wazima na vya marehemu. Bado naitwa "Spokane", kwa kuwa ndiko nilikozaliwa, au "mume wa Nadine", kwa kuwa Nadine ndiye mwenyeji. Jina langu ni Orrin Beasley! Nataka kulisoma kwenye ule ubao kabla sijafa.

Masharti nayajua kwa moyo. Ua liwe limefunguka. Liwe na mizizi yake ardhini, kwenye kiwanja cha anayeripoti. Likaguliwe na Bi. Winifred Stroud, mkuu wa posta na mwenyekiti wa chama cha maua, pamoja na shahidi mmoja.

Nadine ananiambia niliache ua lijifungulie lenyewe. Rahisi kwake kusema. Yeye kwao ni hapa.

Jumatatu, 11 Machi

Mpango wa joto. Harlan hushinda kwa sababu ya jua, basi na mimi nitaleta jua. Nimechukua ule mfuko wa mpira wa maji ya moto, ambao Nadine hulalia mgongo ukimuuma. Nimeufunga taulo, nimeulaza kando ya kitumba cha kwanza, nimefunika vyote kwa beseni. Nimebadilisha maji mara tatu kabla ya kufungua kibanda changu cha kinyozi.

Mteja wa kwanza kaniuliza kwa nini magoti yangu yana matope. Nikamwambia nilikuwa nasali. Kaniangalia kwa heshima. Ni mara ya kwanza.

Jumanne, 12 Machi

Mfuko umepasuka! Kitumba cha kwanza kimechemka kama mchicha.

Nadine anautafuta mfuko wake, mgongo umembana. Nimemwambia huenda panya. Kauliza tangu lini panya wanaumwa mgongo. Nimetoka nje kuangalia mvua.

Kimebaki kimoja.

Alhamisi, 14 Machi

Nyayo za kulungu, hatua nne kutoka kwenye kitumba! Nimekaa roho juu siku nzima. Kulungu hula trilia kama sisi tunavyokula karanga, huwa hatosheki na moja.

Halafu nikakumbuka. Kila mtu hapa anajua kulungu hukimbia harufu ya binadamu, na mimi kazini nina gunia zima la nywele za binadamu. Nimejaza nywele kwenye soksi ndefu za nailoni za Nadine, zile kuukuu, kumi na mbili, nikazining'iniza kwenye matawi kuzunguka kitumba. Kwa mbali zinafanana na miguu ya watu walionyongwa. Potelea mbali.

Ijumaa, 15 Machi

Bi. Stroud kamuuliza Nadine pale dirishani posta, kwa sauti ya kanisani, foleni imejaa, kama mambo ya nyumbani ni salama, maana soksi zake zimeonekana juu ya miti kutoka barabarani.

Nadine karudi bila barua, kahesabu soksi zake zilizobaki.

Jumamosi, 16 Machi

Kulungu kala kitumba. Kala na majani. Kisha kalala palepale chini ya soksi, makangaga yote yamelala alipojinyoosha, na ameondoka na soksi moja.

Mwaka umekwisha. Machozi yalinitoka kidogo. Upepo.

Jumanne, 19 Machi

Mungu wangu.

Leo ilikuwa zamu ya kumnyoa Harlan nyumbani kwake. Tangu ateleze kwenye barafu Januari na kuvunja nyonga, yumo kwenye kiti cha magurudumu. Ana miaka sabini na tisa. Binti yake Loretta amekuja kutoka Seattle kumtunza, na Loretta hatii mguu nyuma ya nyumba wala hamfungulii mlango wa huko kwa sababu ya matope. Hajui kutofautisha trilia na kitunguu.

Nilipomaliza nikaenda kukung'uta taulo mlango wa nyuma. Jicho likaenda lenyewe. Nyuma ya banda la kuni, chini ya msonobari, cheupe! Trilia! Imefunguka yote, petali tatu, safi kama shuka la wageni. Hakuna aliyeiona! Nilikaribia kumeza kitana nilichokuwa nimekiuma.

Nikarudi ndani. Harlan kaniuliza, kama anavyoniuliza kila nikija, "We Spokane, hujaona cheupe chochote huko nyuma?"

Nikasema, "Theluji, mzee. Theluji tu."

Kwa nini nilisema theluji? Mteremko ule hauna theluji wiki ya tatu sasa! Harlan kajibu "Mh" na kunishukuru kwa kunyoa.

Jumatano, 20 Machi

Nimemkata mteja sikio. Kidogo. Kasema niko mbali leo. Kweli, nilikuwa nyuma ya banda la kuni.

Najiuliza maswali ya haki. Ua ambalo mwenyewe hajaliona ni lake kweli? Mtu mwenye majina kumi na moja ukutani atajua kama amekosa la kumi na mbili? Majibu yote yananiunga mkono. Mbona basi siwezi kula?

Ijumaa, 22 Machi

Nimekwenda kwa Harlan kwa kisingizio cha kitana nilichosahau. Kitana kilikuwa mfukoni.

Harlan kauliza tena. Nikasema bado, mzee, mwaka huu baridi kali. Akanieleza kwamba kila mwaka tangu utotoni, kuanzia tarehe mosi Machi, hupanda mteremko mwenyewe kila asubuhi kutafuta trilia. Huu ndio mwaka wa kwanza hajaenda. Kasema, "Miguu imegoma, bwana. Macho yangali yanataka."

Nikajisikia vibaya sana. Nikachungulia mlango wa nyuma, ua lingali jeupe. Nikajisikia vizuri sana. Yote mawili kwa wakati mmoja!

Jumapili, 24 Machi

Limefanyika.

Wimbo wa pili kanisani nikaanza kukohoa. Nadine kanipa pipi. Nikakohoa zaidi. Nikanyanyuka kutoka, na njiani nani kaziba na kiti chake cha magurudumu? Harlan. Kanishika mkono, kanitakia afya njema, kasema nikanywe kitu cha moto. Afadhali angenizaba kofi!

Nikaenda moja kwa moja nyuma ya banda la kuni la Harlan, na beleshi na lile sinia kubwa tunalookea bata mzinga. Nani alijua mzizi wa trilia unaingia chini hivyo? Nilichimba, nikachimba, nikalala kifudifudi nikachimba kwa vidole. Mbwa wa Harlan alikaa pembeni akitikisa mkia. Nikavuka kijito nimebeba sinia limefunikwa taulo, mbwa yuko nyuma yangu, kama tunakwenda karamuni.

Nimelipanda chini ya mierezi yangu. Nimetandaza majani makavu juu. Ukiliona utaapa limezaliwa hapa.

Nadine aliporudi alinikuta kitandani nagumia. Kaniuliza kwa nini nimelala na buti.

Saa tisa nikampigia simu Bi. Stroud. Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya msichana. Kasema hongera, lakini Jumapili hakagui maua. Jumatatu na Jumanne ana barua. Jumatano ni siku ya meno yake. Alhamisi saa nne asubuhi, atakuja na shahidi. Kauliza limefunguka lini.

"Leo! Leo asubuhi hii hii!"

Nikasikia kalamu yake ikiandika.

Jumatatu, 25 Machi

Kuna mstari wa waridi kwenye petali moja.

Hapana. Ni kivuli. Nimeangalia tena. Si kivuli!

Nimesahau kitu ambacho mtoto wa chekechea wa Haskell anakijua. Trilia hufunguka nyeupe, ikikaa siku zake inaona haya, inaingia waridi, mwisho zambarau. Watu hapa husoma umri wa ua kwa rangi. Nami nimeshasema lina siku moja! Lilikuwa na umri gani nilipoliiba? Wiki? Zaidi? Sikuuliza! Ningemuuliza nani?

Nimelisimamishia mwavuli na kulizungushia barafu ya friji. Wazee mochwari huwekwa hivyo na hawabadiliki.

Jumanne, 26 Machi

Petali zote tatu sasa. Barafu imeyeyuka. Siwezi kumeza hata supu. Mteja kaniuliza nani amefariki.

Jumatano, 27 Machi

Nimepata! Na muda wote ilikuwa mkononi mwangu! Poda!

Poda ya shingoni, ile ya kinyozi, na brashi laini. Nimelipaka petali moja baada ya nyingine, taratibu, kama bwana harusi. Jeupe pe! Linanukia lavenda kidogo, lakini nani atainusa trilia? Redio imesema kesho kukavu.

Nilipogeuka Nadine alikuwa nyuma yangu. Sijui amesimama tangu saa ngapi. Kauliza ua limetoka wapi. Nikasema ardhini. Kasema trilia huchukua miaka saba tangu mbegu hadi ua la kwanza, na mimi nimelichimba kwa dakika ngapi? Nikasema ishirini.

Kaingia ndani. Hakuubamiza mlango. Ningefurahi angeubamiza.

Alhamisi, 28 Machi

Manyunyu. Redio mshenzi!

Saa nne kamili Bi. Stroud kafika na koti la mvua na lenzi yake shingoni. Nikauliza shahidi yuko wapi. Kanionyesha nyuma. Loretta, na viatu vyake vizuri vya mjini, anasukuma kiti cha magurudumu kwenye matope yangu. Shahidi ni Harlan! Kasisitiza mwenyewe, kasema hata kama si lake, alitaka kuliona. Kavaa tai.

Nikauondoa mwavuli uliofunika ua, wasije wakauliza.

Bi. Stroud kainama. Kanusa. Kaniuliza tangu lini trilia inanuka kinyozi. Nikasema labda ni mimi ninanuka, nakuwa karibu nalo sana. Wakati huo poda imeshakuwa uji, inadondoka. Bi. Stroud katoa leso, kafuta petali moja. Waridi! Waridi kama mgongo wa nguruwe!

"Wewe Spokane," kasema, "hili lina wiki mbili zake. Wewe umeniambia Jumapili."

Kachomoa pini ya nywele, kachokonoa shinani. Udongo mwekundu. Kachokonoa pembeni kidogo. Udongo mweusi. Haskell nzima kuna mteremko mmoja tu wenye udongo mwekundu, na mwenye mteremko huo alikuwa amekaa pale na tai yake.

Nilikuwa nimetayarisha maelezo manne. Hakuna hata moja lililotaja udongo.

Harlan kaliangalia ua muda mrefu, mvua inamdondokea kofiani. Hakupiga kelele. Kasema, "Kumbe lilichanua." Kisha kaniangalia mimi. "Nikakuuliza mara mbili. Ukaniambia theluji."

Loretta kageuza kiti. Gurudumu likakwama kwenye tope, nikakimbia kusukuma. Loretta kanitoa mkono kwa kiwiko.

Ijumaa, 29 Machi

Nimeitwa mbele ya chama, chumba cha nyuma cha posta. Hukumu ilikuwa tayari. Nisishindanie trilia kwa miaka saba, sawa na miaka linayochukua ua. Nikainamisha kichwa.

Ndipo ikazuka shida. Kanuni za 1931 zinasema anayeweza kuadhibiwa ni "mwenyeji wa Haskell aliyeandikwa kitabuni." Wakafunua kitabu cha wenyeji. Simo! Miaka thelathini na moja, na simo! Wakabishana saa nzima. Mmoja kasema basi waniache. Mwingine kasema haiwezekani mwizi aende hivi hivi kwa sababu tu ni mgeni. Mwishowe Bi. Stroud kashusha pumzi, kafungua kitabu, kalowesha kalamu ulimini na kuandika: Beasley, Orrin, kinyozi. Kisha kafungua kitabu kingine na kunifungia.

Nikaomba kuuona tena ule ukurasa wenye jina langu. Kakataa. Lakini nimeuona! Nimeuona kwa mbali!

Harlan hakuja. Walimtumia ujumbe kumuuliza kama aandikwe yeye kwenye ubao, kwani ua lilikuwa lake. Kajibu kwamba hakuliona likiwa kwake, asiandikwe. Mwaka huu ubao utabaki mtupu. Haijawahi kutokea, hata wakati wa vita.

Nilipaswa kwenda nyumbani na aibu. Nilikwenda na aibu, lakini pia nilikuwa napiga mluzi. Nikamweleza Nadine. Kasema hongera, sasa mimi ni mwenyeji ambaye hakuna wa kumsalimia.

Jumamosi, 30 Machi

Nimelirudisha ua kwa Harlan, ndani ya sinia lile lile. Petali mbili zilianguka darajani. Loretta alisimama mlangoni mikono kifuani, lakini Harlan kasema niingie, halafu kaomba ageuziwe kiti kitazame mlango wa nyuma. Nikafukia mzizi mbele ya macho yake. Shina likalala upande. Nikalisimamisha. Likalala tena.

Haikuwa siku ya kunyoa lakini nilimnyoa, mikono ilihitaji kazi. Kasema trilia ikichimbuliwa hununa. Inaweza kukaa miaka bila ua, au isirudi tena. Kasema daktari hajamwahidi kutembea. Kasema majina kumi na moja yanamtosha, Beasley, hakutaka la kumi na mbili. Alitaka tu kuliona moja la kwake mwaka huu.

Kaniita Beasley! Miaka thelathini na moja nimengoja mtu wa Haskell aniite hivyo, na nilijisikia kama nimemwagiwa maji ya kijito mgongoni. Nilimkata upande wa kushoto mfupi mno. Hakulalamika.

Nimelia njia nzima. Leo hapakuwa na upepo.

Jumapili, 31 Machi

Nimeamka nimepata dawa! Mbona sikuifikiria jana?

Harlan hataki jina, anataka kuona ua. Basi ataona ua! Bi. Stroud ana trilia saba nyuma ya banda lake la kuku, nimeziona jana kupitia uzio, zimefunguka juzi tu, nyeupe hasa. Moja ikipungua, nani atajua? Kwenye ibada yeye hukaa mbele kabisa na hageuki. Nitaichimba, nitaipanda kando ya lile shina lililolala, Harlan akirudi kutoka kanisani ageuze kiti chake na alione limesimama mlangoni pake. Atafurahi mzee wa watu!

Nimesoma tena hukumu yangu, neno kwa neno. Inakataza kushindana. Haikutaja kuchimba. Na mimi sasa ni mwenyeji, nimeandikwa.

Nadine yupo mlangoni na koti lake, ananiuliza kwa nini nakwenda kanisani na buti za shambani. Nimemwambia ni kwa ajili ya Harlan. Mwezi mzima huu, sijamwambia neno la kweli kuliko hilo.